Mtoto Asiachwe Nyuma

Kila shule zinapofungwa, na hasa ufikapo mwezi wa Desemba, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Kenya, nalo ni hili: je, mtoto mchanga achukuliwe safarini, au aachwe nyumbani? Wako watakaoshangaa kuliona swali hili katika kitabu cha shule, kana kwamba wanafunzi hawana ndugu wadogo. Mimi naliona kuwa swali kubwa. Ndani yake mna haki ya mtoto asiyeweza kujisemea, haki ya mama anayenyonyesha, na haki ya wazee ambao siku zao zinapungua. Tena, ewe msomaji, ni wewe utakayebebeshwa mtoto huyo njiani, na miaka si mingi utakuwa wewe mwenye kukata shauri.

Wako watu, wala si wajinga, wasemao kwamba kusafiri na mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu ni kutupa mali na kujitafutia taabu. Hoja zao ni tatu. Ya kwanza ni kuwa mtoto hatakumbuka chochote. Ya pili ni kuwa atawasumbua wenzake. Ya tatu ni kuwa njia ina hatari. Na tuzipime hoja hizi moja baada ya moja, kwa maana neno lisemwalo na wengi si lazima liwe kweli, na neno lenye kosa huweza kuwa na chembe ya kweli ndani yake.

Tuanze na kumbukumbu. Ni kweli kwamba watu wazima wengi hawakumbuki mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Mtoto wa mwaka mmoja akipelekwa Mombasa aione bahari, hataweza kuisimulia atakapokuwa mkubwa. Lakini ikiwa kipimo cha wema ni kukumbukwa, basi tusimnyonyeshe mtoto, maana hatalikumbuka ziwa. Wala tusimbembeleze, maana hataukumbuka wimbo. Ni nani kati yetu anayekumbuka siku aliyojifunza kusimama? Hakuna, hata hivyo sote tunatembea. Mambo mengi yanayomjenga mtu huingia ndani yake bila kupiga hodi katika kumbukumbu.

Chukua mfano wa lugha. Wataalamu wameonyesha kwamba mtoto wa miezi michache huweza kutofautisha sauti za lugha nyingi, hata zile ambazo wazazi wake hawazijui, na kwamba karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza masikio yake huanza kushikamana na sauti za lugha anazozisikia kila siku. Watoto wengi wa Nairobi siku hizi husikia Kiswahili na Kiingereza tu. Je, ni hasara mtoto huyo kukaa wiki tatu mapajani pa nyanya yake, akisikia Kidholuo, Kikamba au Kitaita kinachosemwa na mwenye lugha? Sisemi kwamba wiki tatu zitamfanya kuwa msemaji. Nasema kwamba mlango haujafungwa, na si busara kuupita mlango ulio wazi kwa kuwa mpitaji hatakumbuka siku aliyopita.

Tena, nani alisema kumbukumbu ni ya mtoto peke yake? Katika makabila mengi ya Kenya mtoto hupewa jina la babu au la nyanya yake. Mzee aliye shambani husikia kwamba amezaliwa mwenye jina lake, akaletewa picha katika simu, akaambiwa asubiri mpaka mtoto awe mkubwa. Atasubiri kwa umri wa nani? Mtoto ana miaka mingi mbele yake, lakini mzee hana. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapana mgeni aponyaye nyumba ya wazee kuliko mjukuu ambaye hawajapata kumshika.

Hoja ya pili ni usumbufu. Husemwa kwamba mtoto hulia, hutapika, huchafua nguo, na abiria wengine hukosa raha. Sikatai kwamba hulia. Kilio ndiyo lugha yake. Hana nyingine ya kuombea maziwa au ya kushtakia joto. Lakini tazama ajabu ya watu. Abiria yule yule anunaye kwa kilio cha robo saa husafiri kutoka Nairobi hadi Kisumu, mwendo wa kilomita 350 hivi, katika gari ambalo muziki wake hutikisa madirisha, asiseme neno. Kelele ya mwenye nguvu huiita burudani, na ya mnyonge huiita usumbufu. Huo si uchungu wa masikio; ni uchaguzi wa moyo. Kila mtu aliyeketi katika gari hilo alipata kuwa mtoto, na alilia mbele ya watu waliomvumilia. Deni hilo halilipwi kwa waliotuvumilia. Hulipwa kwa watoto wanaotufuata.

Na hapa nataka tuitazame vizuri amri hii ya kwamba mtoto abaki. Inamwangukia nani? Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hutakiwa kupewa maziwa ya mama tu, bila chakula kingine na hata bila maji, na baada ya hapo huendelea kunyonya, pamoja na vyakula vingine, mpaka miaka miwili au zaidi. Basi asemaye mtoto abaki asema mama abaki. Baba ataondoka, vijana wakubwa wataondoka, nyama itachomwa shambani na habari zitasimuliwa, lakini aliyechoka kuliko wote, aliyekesha usiku mwaka mzima, ndiye atakayelinda nyumba tupu. Na kama mama naye akiondoka, mtoto ataachiwa yaya, ambaye mara nyingi ni msichana asiyekuzidi sana wewe msomaji kwa umri, naye pia ana mama yake angependa kumwamkia wakati wa sikukuu. Kwa hiyo shauri linalojidai kumhurumia mtoto huishia kumfunga mama au kumdhulumu yaya. Shauri la namna hiyo halistahili kuitwa busara.

Imebaki hoja ya tatu, na hii ndiyo yenye nguvu. Njia ina hatari. Hapa sitabishana, ila nitauliza hatari hiyo inatoka wapi. Je, ameileta mtoto?

Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi la abiria liligongana na lori, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Serikali ikasimamisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alikuwa ameshurutisha matatu zifungwe vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, na idadi ya abiria isizidi viti. Sheria hizo zilikuwa njema. Lakini ukienda kituoni siku mbili kabla ya Krismasi utaona jinsi tulivyojifunza kuzizunguka. Nauli imepanda, watu wana haraka, na mtoto hahesabiwi kuwa abiria. Yeye hupakatwa. Gari la viti 14 likibeba watoto wanne mapajani, husemwa kwamba limebeba watu 14.

Mama hudhani kwamba mikono yake ni mkanda. Mapenzi yake hayana shaka, lakini mwendo wa gari haujui mapenzi. Wewe usomaye fizikia kaa ufanye hesabu mwenyewe. Mtoto wa kilo 10 amepakatwa katika gari liendalo kilomita 50 kwa saa. Likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mikono inayomshika itatakiwa kuzuia nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hakuna mama duniani, hata awe na nguvu kiasi gani, awezaye kuyashika magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 kwa mara moja, tena kwa kushtukizwa. Na mara nyingi gari letu halendi kilomita 50. Linakwenda 80, na pengine dereva amekichezea kidhibiti mwendo.

Basi hatari ipo, lakini imeletwa na watu wazima. Imeletwa na mwenye gari apakiaye kupita kiasi, na dereva asiyelala, na askari afumbaye macho, na abiria anyamazaye. Ni jambo la aibu kuona kosa la watu wazima kisha kumhukumu mtoto kifungo cha nyumbani. Barabara isiyomfaa mtoto haimfai mtu yeyote. Anayesema njia ni mbovu kwa mtoto, na amalize sentensi yake: aseme pia nini kifanywe njia iwe njema.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya darasani, na kwamba mtu maskini hana hiari. Hapana, hiari anayo, japokuwa ni ndogo kuliko ya tajiri. Mwenye motokaa yake hana udhuru hata kidogo: aliyeweza kununua gari anunue na kiti cha mtoto, akifunge nyuma, wala asimpakate mtoto kiti cha mbele. Asiye na motokaa asafiri mchana, si usiku. Aondoke mapema, kabla ya msongamano wa siku za mwisho. Aendaye Mombasa, kama anaweza kulipa nauli, achukue gari la moshi. Tangu mwaka 2017 reli mpya huwafikisha abiria kutoka Nairobi kwa muda wa saa tano au sita, na humo mama huweza kusimama, kunyonyesha na kumbadilisha mtoto nguo bila kumwomba dereva ruhusa. Mtoto awezaye kuketi alipiwe kiti chake. Mtanunua zawadi chache zaidi, lakini hakuna zawadi ya kumpelekea nyanya iliyo bora kuliko mjukuu aliyefika salama.

Iko hatari nyingine isiyo ya barabarani. Nairobi na nchi nyingine za juu zina mbu wachache wa malaria, lakini kandokando ya Ziwa na pwani wako wengi. Mtoto aliyezaliwa katika baridi hana kinga ya kupambana na ugonjwa huo. Basi chandarua kiwe kitu cha kwanza kuingia katika mkoba, kabla ya nguo za sikukuu, maana mbu hao huuma usiku. Na baada ya kurudi, mtoto akishikwa na homa, hata ikiwa wiki mbili zimepita, apelekwe hospitali siku ile ile, na mganga aambiwe mtoto ametoka wapi. Chanjo nazo zisikatizwe kwa ajili ya safari. Mtoto hudungwa sindano ya surua akitimiza miezi 9, na tena miezi 18. Kama siku yake imekaribia, safari na ingoje siku chache. Chanjo haijui sikukuu.

Nakubali pia kwamba ziko safari ambazo mtoto hafai kuchukuliwa. Mtoto mgonjwa hasafirishwi ila kwenda kutibiwa. Na safari ya kujionyesha, ya kuzunguka miji minne kwa siku tano ili picha ziwe nyingi, haifai kwa mtoto, na sidhani kama yamfaa mtu mzima. Safari yenye mtoto yapasa ipimwe kwa saa ya mtoto: isimame anapochoka, ipumzike anapolala, ifike mahali pamoja na kutulia. Mkiona hamwezi kusafiri hivyo, msisafiri, lakini msisafiri nyote. Jamaa nzima ikingoja hata Aprili, hakuna aliyedhulumiwa. Jamaa ikigawanyika, wenye nguvu wakaenda na wanyonge wakabaki, hiyo si likizo ya jamaa tena.

Sasa nageuka kwako, kijana. Wewe si mtazamaji katika jambo hili. Mama akipanda gari na mtoto mgongoni, mkoba mkononi na mwingine kichwani, usikimbilie kiti cha dirishani. Mpokee mzigo. Ukimwona mama usiyemjua amesimama na mtoto, mpishe kiti, wala usingoje kuombwa. Dereva akizidisha mwendo, sema kwa adabu, lakini sema. Ukisema wewe, wengine nao watapata ulimi. Ukiambiwa kwamba mtoto si abiria, jibu kwamba roho yake ni nzima kama ya mwingine. Na nyumbani, shauri la safari litakapofanywa, usiwe wa kwanza kusema mtoto abaki ili wewe upate nafasi ya kunyoosha miguu. Alisema aliyesema, kawia ufike. Kukawia pamoja na mdogo wako ni bora kuliko kuwahi bila yeye, maana mlango wa nyanya unapofunguliwa, hesabu ya kwanza inayofanywa ni ya watu, wala si ya saa.