Ufukwe mzuri nao una haki yake



Familia zetu zilizoko Italia husifu sana matembezi ya siku moja huko Lampedusa, kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisilia. Ufukwe wake wa Spiaggia dei Conigli una mchanga mweupe na maji maangavu, na kasa wanaotaga mayai pale hulindwa wasisumbuliwe.

Hatuoni ubaya kuwapeleka watoto. Neema za Mola ni za kushukuriwa. Lakini waambiwe pia kwamba tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na ufukwe huo huo, ilizama boti iliyotoka Libya. Walikufa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea, majirani zetu wa Pembe ya Afrika. Waliookolewa ni 155.

Ikiwa yai la kasa linachungwa, mwana wa Adamu je? Tuogelee, tule, tucheze, na kabla ya kurudi tuwakumbuke waliozama. Waislamu miongoni mwao tuwaombee dua, kwani Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi. Matembezi yasiyomwongezea mtoto huruma huishia kwenye picha tu.

Wabillahi tawfiq.