Mfugo Mpya Atafutiwe Mlaji Kwanza

Kila baada ya miaka michache huzuka nchini mfugo mpya anayesifiwa kwamba ndiye atakayemkomboa mkulima mdogo. Jana alikuwa kware. Leo ni sungura. Hatuna ugomvi na wanyama wenyewe, bali na jinsi wanavyonadiwa.

Wasomaji hawajasahau mambo ya mwaka 2013. Kware si mgeni kwetu. Waluo humwita aluru na Waluhya isindu, na huko magharibi wazee walimnasa kwa kutundika vitundu vyenye ndege hai juu ya mti mrefu ili mlio wao uwavute wenzao. Waliojaa mabandani mwaka huo, hata hivyo, wengi walikuwa kware wa Kijapani, nao waliandamana na uvumi kwamba mayai yao yanatibu kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine chungu nzima. Watu wakamiminika kutafuta leseni za Shirika la Huduma za Wanyamapori. Yai moja likauzwa makumi ya shilingi. Kufikia 2014 bei ilikuwa imeporomoka hadi shilingi chache tu. Jirani yetu mmoja aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue kware alibaki na vizimba vilivyojaa ndege, na watoto wake wakanywa chai isiyo maziwa.

Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba hivi. Sifa hiyo ndiyo iliyotangazwa mno, na ndiyo iliyoua bei. Mnunuzi mkuu wa kware hakuwa mlaji, bali mtu mwingine aliyetaka naye kufuga. Kila mnunuzi akageuka muuzaji baada ya miezi miwili, na wanunuzi wapya walipokwisha, soko nalo likaisha.

Sungura naye hubeba mimba kwa siku 31 hivi tu. Ni mnyama anayelifaa shamba la robo ekari: hula nyasi na mabaki ya sukumawiki, nyama yake haina mafuta mengi, na mkojo wake ni mbolea. Lakini katika nyumba nyingi bado huhesabiwa kuwa mchezo wa wavulana, na ni bucha chache zinazomtundika.

Kwa hiyo maafisa wa mifugo wa kaunti wamtake kila anayeuza sungura wa kuzalisha, hasa yule anayeahidi kwamba atawanunua watoto wao, aonyeshe bucha na hoteli anazoziuzia nyama, na ahadi yake aiandike katika mkataba. Naye mkulima aanze na majike wawili na dume mmoja, achinje, ale na wanawe, awaonjeshe majirani. Wakirudi kuuliza bei, hapo ajenge kizimba cha pili. Ng'ombe asimguse.