Gari Halikufungulii London

Mgeni anayejiandaa kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda London huambiwa mapema na ndugu walioko huko: kodi gari, uwe huru. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, leseni yako itatumika miezi 12, unaogopa nini? Ushauri huu ni mbaya, na unawapotezea watu fedha walizozidunduliza kwa miaka.

Upande wa barabara haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni malipo: London iliamua zamani kwamba gari binafsi lisiingie katikati ya mji bure. Meya Ken Livingstone alianzisha tozo ya msongamano Februari 2003, pauni 5 kwa siku. Tangu Januari 2026 ni pauni 18. Ipo pia tozo ya hewa chafu, ULEZ, ambayo tangu Agosti 2023 imeenea London nzima: gari la zamani lisilofikia kiwango hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea, iwe mchana au usiku. Handaki la Blackwall, lililokuwa la bure, nalo linalipiwa tangu Aprili 2025.

Hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha, na hapa ndipo mgeni anapoumia. Amezoea kwamba penye malipo pana mtu dirishani. London pana kamera inayosoma namba ya gari. Anapita akiamini mambo ni shwari, kumbe deni limeshaandikwa. Asipolipa tozo ya msongamano kwa wakati, faini ni pauni 180, nusu yake akiwahi ndani ya siku 14. Kamera nyingine zinamngoja akiingia njia ya mabasi, au akikwama kwenye miraba ya njano ya makutano. Kwa gari la kukodi, barua huenda kwa kampuni, nayo mara nyingi huongeza ada yake na kukata kwenye kadi, mteja akiwa ameshafika nyumbani Tabata.

Imani kwamba gari ndilo uhuru tumeibeba kutoka kwetu, ambako asiye na gari huonekana hajafanikiwa. Mwenyeji anaona haya kumpandisha shangazi yake basi. Haya hiyo haina msingi katika mji ambao treni yake ya chini ya ardhi ilianza 1863, na ambako wakili na mfagiaji hubanana behewa moja kila asubuhi.

Wapo wanaosema familia kubwa hunufaika na gari. Wapige hesabu upya: watoto wanne walio chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni hizo wakiwa na mtu mzima mmoja aliyelipa. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi bila kuongeza senti. Hoja yenye uzito ni ya wazee na wagonjwa, kwa kuwa vituo vingi vya treni havina lifti. Hao wapande basi, lina njia ya kiti cha magurudumu, au teksi nyeusi, ambazo zote hulazimika kubeba kiti hicho.

Anayelazimika kuja na gari, tuseme kutoka Cambridge, aliache kituo cha Epping, nje ya mpaka wa ULEZ, apande treni ya Central hadi mjini. Nanyi wenyeji, mfuateni mgeni uwanja wa ndege wa Heathrow, mpande naye treni ya Piccadilly, mumwoneshe namna ya kugusisha kadi getini. Kesho yake atatembea mwenyewe.