Programu za ratiba: Bei isiwe kigezo pekee

WAFANYABIASHARA wa Mwenge, wilayani Kinondoni, wanapofunga maduka usiku, ndipo kompyuta za benki huanza kazi nzito: kufunga hesabu za siku, kukokotoa riba, kuingiza mishahara. Programu ya ratiba ndiyo huamua ipi itangulie na ipi isubiri.

Wanunuzi wengi wa programu hizo huvutwa na bei na maneno ya muuzaji. Hayo hayatoshi. Juni 2012, kundi la benki la RBS la Uingereza liliboresha programu yake ya ratiba, likaona kasoro, likaiondoa bila kuhakikisha kwamba toleo la zamani lingeelewana na mabadiliko yaliyokwishafanyika. Wateja zaidi ya milioni 6 waliathirika. Wale wa Ulster Bank walisota kwa wiki kadhaa. Novemba 2014 lilitozwa faini ya pauni milioni 56.

Kwa ofisi ndogo, cron ya Linux, isiyolipiwa, yaweza kutosha. Lakini yenyewe haijali kama kazi ya kwanza imekwama. Saa ikifika huanzisha ya pili, na mishahara ikakokotolewa kwa hesabu za jana. Mnunuzi amtake muuzaji azime mtambo katikati ya kazi, kisha auwashe, aonyeshe kwamba hakuna aliyelipwa mara mbili wala aliyerukwa.