Tongoni: Mawe Hayakusafiri

Wako watu waliosoma wanenao kuwa habari ya Tongoni ni habari ya mawe. Huhesabu makaburi yake, ambayo ni zaidi ya 40, hupima kuta za msikiti, kisha hurejea Tanga mjini wakidhani wameumaliza mji. Hesabu yao si mbaya, lakini ni nusu ya hesabu. Mji huu, ulioitwa zamani Mtangata, haukulishwa na mawe. Ulilishwa na vyombo.

Husemwa tena kuwa mabaharia wa pwani hii walikwenda kwa kubahatisha, hata Wareno walipowaletea elimu ya bahari. Jawabu la dai hili liko mbele ya Mtangata penyewe. Aprili 1498, São Rafael, merikebu mojawapo ya Vasco da Gama, ilipanda fungu hapo, ikakwama mpaka maji yalipojaa. Wenyeji waliijia kwa vyombo vidogo, wakaleta machungwa. Januari 1499, Wareno wakirudi kutoka Bara Hindi, waliichoma merikebu hiyo hapo hapo, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Yamkini atatokea wa kusema kuwa chombo kidogo hakigusi fungu. Ni kweli, na kujua chombo gani kinafaa maji gani ndiyo elimu yenyewe.

Kuvuka kutoka Tongoni hadi Pemba si mchezo. Karibu na bara yako mafungu na miamba. Mbele yake uko mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Nahodha hana budi kujua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, na saa ya kwenda kwa bisho. Mashua ziendazo pamoja hazifuatani kwa woga. Ya mbele hupima kwa bildi, za nyuma hutazama na kujifunza. Mmoja akivunjikiwa na foromali, wenziwe wapo.

Mawe hata yakichakaa huacha alama. Maneno ya nahodha mzee yasipoandikwa huzikwa pamoja naye. Chuo kitumacho wanafunzi kupima makaburi, kisitume hata mmoja kuketi tezini na nahodha, kitajua wazee wa Tongoni walizikwa wapi, hakitajua waliishije.