Nyanya huvumilia chumvi, ila kwa gharama yako

Wewe unayepanga kupanda nyanya nyuma ya nyumba ili utoke kimaisha, ngoja kidogo. Chota maji ya kisima chako, uyaonje. Yana chumvi? Basi tuongee.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Mama akanikopea pesa kwenye chama chake, nikapanda nyanya kwenye kiwanja cha mjomba, Kisauni. Maji ya mfereji huku huja yakitaka, kwa hivyo nikamwagilia ya kisima. Wiki chache tu, majani ya chini yakaanza kukauka kingoni kama yaliyochomwa. Muuzaji wa dawa za mimea akaniambia, "Zina njaa hizo, ongeza mbolea." Nikaongeza. Zikazidi kunyauka.

Manake mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Nilikuwa nazima moto kwa petroli.

Iko hivi. Mzizi huvuta maji kwa sababu utomvu wa mmea umekolea kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, maji yanakuwa magumu kuvutika. Unaona umelowa, kumbe mmea una kiu. Nyanya haifi kijinga lakini. Hurundika sukari na vitu vingine ndani yake ili ivute kwa nguvu zaidi, na chumvi inayopenya hujaribu kuizuia mizizini au kuitupa kwenye majani mazee ili machanga yapone. Sasa fikiria: nguvu zote hizo zingekuwa matunda.

Wataalamu hupima chumvi kwa kipimo kiitwacho EC. Udongo ukipita 2.5, mavuno ya nyanya huanza kushuka, karibu asilimia 10 kwa kila namba moja inayoongezeka. Ukifika 5, robo ya mavuno imeenda. Mmea bado umesimama, unapendeza kwa picha, lakini mfuko unavuja.

Najua kuna atakayenitajia Pachino, kule Sicily, Italia, ambako nyanya za maji ya chumvichumvi ni tamu na zina jina. Ni kweli, tunda likipata maji kidogo sukari hukolea. Lakini tunda lenyewe huwa dogo. Wao wanauza utamu. Wewe utauza Kongowea, ambako mama mboga anaangalia ukubwa. Visiwa vya Galápagos navyo vina nyanya mwitu inayoota karibu na bahari, na watafiti wameichunguza miaka mingi. Wewe bado utanunua mbegu ya kawaida.

Maoni yangu ni haya: tuache kudanganyana kwamba kilimo kinataka bidii tu. Bidii nilikuwa nayo. Pima maji na udongo kabla ya kununua hata mbegu moja. Kama chumvi ni ya wastani, kinga maji ya mvua, uyatumie kwa miche maana ndiyo dhaifu zaidi. Funika udongo kwa nyasi kavu. Mwagilia chini, si kwenye majani, na hakikisha maji yanapita chini yaisukume chumvi mbali na mizizi.

Kama imezidi, badilisha zao. Kunde huvumilia hadi karibu 4.9 kabla ya kuanza kupungua. Ndizo nilizopanda sasa, kiwanja kilekile. Deni la mama nimelipa nusu.