Itafutwe au Itafutwa?

Tuanze na herufi moja. "Rekodi itafutwe." "Rekodi itafutwa." Ya kwanza inakuagiza uisake. Ya pili inakuonya kwamba inaenda, na ikishaenda basi. Kati ya kusaka na kufutilia mbali kuna e na a peke yake, na kidole cha mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hakijui tofauti. Sasa mtu aje aniambie eti sarufi kwenye maelekezo ya programu ni mapambo.

Na wako wengi wa kuniambia. Watunga programu wetu, wale wa Nairobi na hata hawa tunaokaa nao hapa kati ya Kitale na Bungoma, wana msemo wao: leta kodi, wachana na koma. (Kodi ya kompyuta, si ya nyumba, ingawa zote mbili zinawakosesha watu usingizi.) Ukirekebisha mstari mmoja wa hesabu, wewe ni mchangiaji. Ukirekebisha sentensi ambayo imewapoteza watu mia, wewe ni mwalimu wa Kiswahili aliyepotea njia.

Dharau hiyo ina chanzo, tuseme ukweli. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest lilikuwa linagawa fulana kwa yeyote aliyetuma maombi manne ya mabadiliko kwenye miradi ya programu huria. Video moja ya mafunzo ikaonyesha jinsi ya kuongeza maneno matupu kwenye faili ya README, na wasimamizi wa miradi wakafurikwa na takataka. Siku chache tu baada ya shindano kuanza, waandaaji ikabidi wabadilishe kanuni: mradi usiojiandikisha, michango yake haihesabiki. Tangu hapo kijana akituma marekebisho ya sentensi anaonekana mwinda fulana. Lakini kubandika neno la sifa mahali halitakiwi si kurekebisha sarufi. Kuviweka vitu hivyo viwili kwenye gunia moja ni uvivu wa kusoma.

Walioijenga intaneti yenyewe hawakuwa na dharau hii. Machi 1997 ilitoka hati inayoitwa RFC 2119, kurasa chache tu, na kazi yake yote ni kueleza maana ya maneno kama must, should na may yanapotumika kwenye kanuni za kiufundi. Basi. Watu walikaa chini wakakubaliana "lazima" ni nini na "inafaa" ni nini, kwa sababu mashine mbili zilizosoma "inafaa" kwa njia mbili haziongei. Mwaka 2017 ikaja nyingine, RFC 8174, kufafanua ule ufafanuzi: maana hizo maalum zinashika pale tu neno limeandikwa kwa herufi kubwa. Hebu fikiria, hati nzima kuhusu herufi kubwa na ndogo. Hakuna aliyeipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza.

Sasa ilete hiyo Kiminini. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Mhudumu mmoja anabeba takriban kaya 100, kwa miguu, mahindi yakiwa juu ya kichwa na matope yakiwa juu ya kifundo. Ile programu iliyo kwenye simu yake, eCHIS, imejengwa juu ya Community Health Toolkit, mradi huria ambao shirika la Medic linausimamia. Kodi yake iko wazi GitHub. Maelekezo yake yako wazi, kwa Kiingereza. Faili ya maneno ya Kiswahili nayo imo humohumo, na yeyote anaweza kuifungua na kupendekeza badiliko.

Yaani sentensi inayoandikwa na mtu mbali huko inaishia mkononi mwa mama anayesimama mlangoni pa jirani, mtoto ana homa. Kati yao kuna mfasiri ambaye mara nyingi hajui sentensi itatokea kwenye ukurasa gani. Mpe "you may not see all households." Je, huruhusiwi kuona kaya zote, au huenda usizione? Kiingereza kimezifunga maana zote mbili kwenye fundo moja. Kiswahili hakikubali, lazima uchague. Mfasiri akichagua vibaya, mhudumu anadhani mtandao ndio mbovu na anakaa kuungoja, kumbe ni idhini hana. Kosa hapo si la mfasiri. Ni la ile sentensi ya kwanza, ambayo mtu angeirekebisha kwa dakika mbili kama asingeogopa kuchekwa.

Halafu kuna ngeli. Jedwali za Unicode zinazoelekeza programu jinsi ya kuhesabu zinakipa Kiswahili maumbo mawili: ya kimoja na ya vingine vyote. Kwa idadi, sawa. Lakini shida yetu haijawahi kuwa idadi. Mtunga programu anaandika kiolezo, pengo kisha "imehifadhiwa", anadhani amemaliza. Picha imehifadhiwa, safi. Kisha pengo linajazwa na mgonjwa: mgonjwa imehifadhiwa. Kituo imehifadhiwa. Majina imehifadhiwa. Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi: geuza sentensi iwe "Tumehifadhi:" kisha jina la kitu, na kitenzi hakina haja tena ya kujua ngeli ya kinachofuata. Kodi haiguswi hata herufi. Lakini lazima awepo mtu anayejua ngeli, na awe ameruhusiwa kuingia chumbani.

Watanzania walilijua hili mapema. Jambo OpenOffice, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka 2004, na kabla ya kutoka ilibidi watu waketi wakubaliane maneno. Sisi huku Kenya tunasubiri nini sijui.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: huyu wa Kiminini ndiye anatufunza sarufi? Watu wa "kitu ingine" na "gari yangu", watu wa kubadilisha b na p? Ndio, sisi. Na hapa nawageukia polisi wa lugha, kwa sababu nao wanaharibu. "Kitu ingine" haijawahi kumpoteza mtu yeyote stendi ya Kitale. Ukituma ombi la mabadiliko kumsahihisha mchangiaji lafudhi yake ya maandishi, wewe ndiye takataka ya Oktoba. Kinachostahili kurekebishwa ni kile kinachomfanya msomaji abonyeze kitufe kisicho sahihi. "Data itafutwa" bila kusema na nani, lini, na kama kuna nakala, ni sarufi safi kabisa na ni sentensi hatari.

Mwaka 2013, kwenye mradi wa libuv unaoibeba Node.js, mtu alipendekeza kubadilisha kiwakilishi kimoja kwenye maelezo, mtumiaji asichukuliwe moja kwa moja kuwa mwanamume. Likakataliwa kwanza kwa kuwa dogo mno. Kelele iliyofuata haikuwa ndogo. (Kiswahili kina "yeye" na hakijali, kwa hiyo hapo kwetu tuko mbele, mara moja moja.) Neno "dogo" ndilo ninalolipinga. Msimamizi anapima ukubwa wa badiliko kwa idadi ya herufi zilizoguswa, wakati aliye shambani analipimwa kwa safari anayorudia.

Basi wasimamizi, ombi la herufi moja likija, msiulize limegusa mistari mingapi. Ulizeni ile sentensi ya zamani ilimfanya mtu afanye nini. Na nyinyi mnaosoma hapa mkiwa na GitHub mkononi na Kiswahili kichwani, fungueni hiyo faili ya tafsiri, mtafute neno "imehifadhiwa", mwone limebandikwa nyuma ya pengo mara ngapi.